Uvimbe wa Mama Kola

Wifi yangu hupiga pasi. Nikiwaambia watu hivyo huitikia "aa" kivivu, kana kwamba nimesema hupumua, kwa kuwa kila mtu ana pasi nyumbani na kila mtu anadhani anaijua. Hawajamwona wifi yangu akishika shati. Hulitazama kwanza, mbele na nyuma, kama mama anayemkagua mtoto aliyerudi kucheza. Kisha huanza na kola, kutoka nchani kuja katikati, upande wa ndani kabla ya wa nje. Ukianzia katikati unaisukuma mikunjo yote mpaka nchani, na hapo shati limeshakushinda, hata ulinyunyizie maji ya kisima kizima. Ndiyo sababu mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Ni Mama Kola. Hata mume wake, ambaye ni kaka yangu, humwita hivyo anapotaka kumchokoza.

Amepiga pasi kwa dobi yuleyule tangu hajaolewa. Chumba ni kirefu, kiko nyuma ya duka lenye kaunta ya kupokelea nguo. Paa ni la bati. Meza zimefunikwa mablanketi, na juu ya mablanketi shuka zenye madoa ya kahawia pembeni, mahali pasi hupumzishwa. Nyaya za umeme zimening'inizwa darini zisiburuze kwenye nguo safi. Kila mwanamke husimama mezani pake, na jasho lake ni lake. Huletwa mashati ya maofisa, sare za shule, majoho ya kwaya, na mara kwa mara huletwa marobota ya vitambaa vya meza na mapazia kutoka kumbi za sherehe. Marobota yakiingia, hiyo ni siku ya kazi kubwa, na siku ya kazi kubwa ina taratibu zake.

Utaratibu wa kwanza ni vidonge. Bi Mkubwa, mpiga pasi mkongwe kuliko wote pale, mwanamke ambaye huinama kidogo kuelekea mezani hata anapokuwa barabarani ambako hakuna meza, huvuka kwenda duka la ng'ambo na kurudi na kikaratasi kilichokunjwa. Ndani mna vidonge vya maumivu vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye pakiti, havina jina wala maelezo. Kila mmoja hupewa viwili vyake, akavisukuma kwa funda la maji kabla pasi hazijashika moto. Si kwamba wanaumwa. Wanatangulia. "Mgongo hausubiriwi uanze kusema," ndivyo asemavyo Bi Mkubwa. "Unazibwa mdomo mapema." Kukataa vidonge vyake kulikuwa sawa na kukataa salamu yake, na hakuna aliyewahi kuthubutu.

Utaratibu wa pili ni chakula. Siku hiyo hapana nafasi ya kwenda kula, kwa hiyo bosi huagiza samaki wa kukaanga na mayai ya kuchemsha, wakala wamesimama, mkono mmoja kwenye yai na mwingine kwenye pasi.

Mimi naishi nao. Mume wangu alipofariki nilihamia chumba cha nyuma kwa kaka yangu, nikasema nitakaa mpaka nitulie, na mpaka leo bado natulia. Kwa hiyo nilikuwapo jioni ile wifi aliporudi kazini mdomo wa juu umetangulia mbele na yeye anafuata.

"Wifi," nikamwambia, "nani kakubusu, nyuki?"

"Kaka yako," akajibu kwa nusu ya mdomo iliyobaki. "Siku hizi amekuwa mkali."

Tukacheka. Kulipokucha mdomo ulikuwa umerudi mahali pake, tukasahau. Baada ya muda likavimba kope la jicho, jicho likafunga kabisa. Kisha vikaja vipele vikubwa, vyekundu, vimejikusanya tumboni na mapajani, vinawasha kiasi cha kumfanya ajisugue kwenye fremu ya mlango. Kila mara ilikuwa jioni ya kazi kubwa, na kila mara yaliisha yenyewe kabla ya kesho yake adhuhuri.

Kaka yangu ni fundi wa saa. Ni mtu mwema, lakini anaamini kila kitu duniani kinatengenezwa kama saa: fungua, toa kipande kimoja, tazama kama inaenda, kama haiendi toa kingine. Akaikabili ngozi ya mke wake kwa staili hiyohiyo.

"Ulikula nini leo?"

"Samaki."

Samaki akahukumiwa papo hapo, bila wakili. Hakuingia tena nyumbani kwetu hata kwa harufu. Siku nyingine ya kazi kubwa wifi akaacha samaki wote kwa wenzake, akala mayai tu, akarudi na kope limefumba. Yakahukumiwa mayai. Akaacha mayai, akala mkate mkavu wenye karanga, akarudi anajikuna. Zikafuata karanga. Baada ya hapo kaka hakungoja ushahidi. Nyanya zilitolewa kwa sababu ni nyekundu na vipele ni vyekundu. Nanasi likatolewa kwa kuwa linawasha ulimi, na kinachowasha ulimi, akasema fundi wetu, kitashindwaje kuwasha tumbo?

Nawaambia ukweli, tulikula vibaya. Watoto wa kaka walikonda kwa huzuni tu. Mimi nilikuwa nikipita kwa jirani mchana kujifanya naomba chumvi, nikila yai langu wima jikoni kwake. Na kaka mwenyewe, hakimu, alirudi jioni moja harufu ya samaki inamtoka kwenye masharubu. Mke wake akamtazama, akamletea maji ya kunawa, hakusema neno. Mwanamke yule ana huruma kuliko mimi, maana mimi nilisema, na nilisema mengi.

Shangazi yetu alipopata habari alikuja na maoni yake. Huyu ni dada wa marehemu baba, na haji popote bila maoni. "Dunia ina watu," akasema, akishusha sauti huku akitaka tusikie wote. "Kuna mtu anaitaka meza yake pale kazini. Mtafute huyo, acheni kutesa mayai."

Wifi akamwambia, "Shangazi, meza yangu iko chini ya bati linalovuja. Anayeitaka achukue na ndoo yake."

Alikuwa bado anatania. Aliacha kutania siku alipounguza kitambaa.

Hilo lazima nilieleze vizuri, kwa sababu asiyemjua hataona uzito wake. Katika miaka yote ile wifi yangu hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Wenzake wote wamewahi, hata Bi Mkubwa, hata bosi mwenyewe enzi alipokuwa bado anashika pasi. Yeye hajawahi, na alilijua hilo, na alitembea kama mtu anayelijua. Siku hiyo walikuwa wameanza mapazia ya ukumbi. Chakula kilikuwa hakijafika. Akahisi koo linabana, akashika shingo kwa mikono miwili, na pasi ikabaki imelala juu ya kitambaa cheupe. Wenzake wakanusa moshi kabla hawajamwona yeye. Wakamtoa nje, wakampepea kwa magazeti, na baada ya muda koo likalegea. Kitambaa kilibaki na alama ya pasi nzima, ncha yake na yote.

Bosi si mtu katili. Lakini aliogopa, na mwoga akiwa na mamlaka ni shida. Akamwambia, "Mama Kola, hujala kitu leo. Hapa pana sabuni, pana kanji ya kukazia nguo, pana mvuke. Ni kimojawapo. Nenda kwa daktari. Akisema ni mambo ya humu ndani, mimi sina la kufanya. Siwezi kumwacha mtu afe kwenye meza yangu."

Basi ikawa wazi ni nini kilichotaka kumponyoka. Hakuwa na ujuzi mwingine, wala hakuutaka.

Nilimsindikiza zahanati. Daktari alikuwa kijana mpole, aliuliza maswali yake yote inavyopasa. Alikula nini? Analala wapi? Anafulia sabuni gani? Ana paka? Akauliza, "Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana," akasema wifi.

"Yoyote kabisa?"

"Hapana, daktari. Mimi si mtu wa dawa."

Nami nilikaa pembeni nikitikisa kichwa kuunga mkono, tena kwa kiburi kidogo, kama mtu anayesifia ukoo. Hatukusema uongo. Kwetu dawa ni kitu unachopewa na daktari ukiwa umelala chali, kutwa mara tatu, kichungu. Vile vidonge vya Bi Mkubwa vilikaa dukani kati ya viberiti na pipi. Nani angefikiria kumtajia daktari kiberiti?

Kwa hiyo yule kijana alifanya alichoweza kwa tulichompa. Akatoa vidonge vya kupunguza mwasho, akasema huenda ni vumbi, kanji au mvuke wa sabuni, akashauri akae mbali na kazi ile kwa muda aone kama hali itabadilika. Ilibadilika. Alikaa nyumbani, na hakuvimba hata ukucha. Wiki zikapita, ngozi yake iling'aa kama ya bibi harusi. Kaka akapiga meza kwa furaha: "Mmeona? Ni pasi!" Bosi alipopata habari akaweka mtu mwingine kwenye meza yake.

Nyie mliowahi kuona mtu mzima akinyang'anywa kazi yake mnajua. Alipiga pasi vitu visivyopigwa pasi. Alipiga matambara ya jikoni, vitambaa vya kufutia saa vya kaka, hata mapazia ya jirani, aliyedhani tunamwonea huruma na karibu agombane nasi. Tukamshauri auze vitunguu. Akakaa na vitunguu vyake mbele ya nyumba, amevipanga kwa ukubwa, vikubwa nyuma vidogo mbele, na mteja akichukua kimoja cha katikati alikunja uso na kuanza kupanga upya wakati mtu bado anasubiri chenji. Haikudumu.

Mchana mmoja nilimkuta ameketi kitandani, mikono ameiweka mapajani, viganja juu.

"Wifi," akasema, "kitu kimoja tu nakijua duniani. Sasa wanasema hicho ndicho kinaniua."

Nilikaa karibu naye, nikaweka mkono wangu juu ya kiganja chake.

Kisha likaja jino. Lilikuwa gego la nyuma, lilianza kuuma Jumamosi asubuhi. Kaka, ambaye shingo humsumbua kwa kuinamia saa, daima ana vidonge mfukoni mwa shati. Akampa viwili. "Meza hivi, Jumatatu twende likang'olewe." Akavimeza kwa chai, akatoka uani kuanika nguo. Mimi nilikuwa nachambua mboga kizingitini.

Kabla ndoo haijaisha nikamwona anajikuna viganja. Nikadhani ni sabuni. Kisha akageuka, na midomo yote miwili ilikuwa si yake. "Wifi," akasema, na sauti ilikuwa nzito, ya mtu mwingine kabisa. "Wifi, koo." Pumzi ikaanza kupiga mluzi. Shati likamdondoka mkononi, likaanguka mchangani, na hakuliokota. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli, maana sijawahi kumwona akiacha shati safi mchangani.

Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Jirani yetu muuza mbao akawasha gari lake, tukampakia kati yangu na kaka, na njia nzima kaka alikuwa akimwambia, "Vuta pumzi, mama, vuta," kana kwamba amesahau namna.

Hospitali walimpokea mlangoni. Daktari wa zamu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alimtazama wifi mara moja tu, akaagiza sindano, na huku akimchoma pajani akauliza, "Imekuwaje?"

Kaka akafunguka kama bomba. "Daktari, hajala samaki! Hajagusa mayai, wala karanga, wala nyanya, nanasi hatulijui kabisa! Na kazi ya pasi ameacha! Hayuko kwenye mvuke, hayuko kwenye kanji..."

"Sikuuliza asivyokula. Leo ameweka nini mdomoni?"

"Chai tu."

"Chai tu?"

"Chai na vile vidonge. Lakini hivyo ni vya jino."

Mkono wa daktari ulisimama kidogo. "Vidonge gani?"

"Vya kawaida. Vya maumivu."

"Vya kawaida vina jina. Kimbia ulikovinunua, uniletee pakiti niisome."

Kaka alikimbia. Nami nilibaki nikimwangalia wifi, amewekewa mpira wa hewa puani, kifua kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, na mluzi unapungua taratibu. Namshukuru Mungu kwa sindano ile kuliko nilivyomshukuru kwa mambo mengi. Kaka aliporudi, jasho linamtiririka, pakiti iliandikwa diklofenaki.

Walimweka wodini siku hiyo wakimtazama, maana daktari alisema uvimbe wa namna hii unaweza kuondoka mlango wa mbele ukarudi wa nyuma. Mchana wifi akawa anaongea. Daktari akavuta kiti.

"Mama, umewahi kumeza dawa za maumivu kabla ya leo?"

"Si mara nyingi," akasema wifi. "Siku za kazi kubwa tu."

"Siku za kazi kubwa ndiyo nini?"

Akamweleza. Marobota, kikaratasi cha Bi Mkubwa, viwili kila mtu. Alikuwa anaeleza kwa utulivu tu, kama mtu anayeelekeza njia, na katikati ya maelezo akanyamaza. Nilimwona akihesabu ndani ya kichwa chake. Nikamtazama kaka, na uso wake ulikuwa wa fundi aliyefungua saa yote, akatandaza vipande mezani, akakuta shida ni kwamba haikutiwa ufunguo.

"Na ulikuwa ukivimba siku gani?" daktari akauliza, ingawa nadhani alishajua.

"Hizohizo," akasema wifi. Kisha akajiinua kwa kiwiko, mpira wa hewa ukamkaa upande. "Kwa hiyo si mvuke?"

"Si mvuke."

"Wala kanji?"

"Mama, pasi yako haina kosa lolote."

Alilia wifi yangu. Pumzi ileile iliyokuwa karibu kumkatika asubuhi aliitumia yote kulia, mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Sijui kama kuna aliyewahi kulia hivyo kwa kuambiwa yuko karibu kufa. Yeye alilia kwa kuambiwa atafanya kazi.

Daktari alitufafanulia bila haraka. Dawa za maumivu ni nyingi, akasema: kuna aspirini, kuna ibuprofeni, kuna hii diklofenaki, na nyingine. Majina mbalimbali, ukoo mmoja. Kwa watu wengi hazina neno, lakini kuna watu ambao mwili huzikataa, na ukimkataa mmoja wa ukoo ule mara nyingi unawakataa na ndugu zake. Mtu anaweza kuzimeza miaka bila tatizo, siku moja mwili ukabadili mawazo. Kuna anayevimba papo hapo na kuna anayevimba baada ya saa kadhaa. Safari moja mdomo, safari nyingine koo, na koo halimpi mtu nafasi ya kujadiliana.

"Na ile nyingine ya homa, parasetamoli?" nikauliza.

"Wengi wenye shida yake huiweza. Lakini asijaribu nyumbani. Aje kliniki, tumpe kidogo tukiwa tunamwona. Na kuanzia leo, kila mtu anayempa kidonge, awe muuza duka, awe mng'oa meno, awe mume wake," hapo kaka akainamisha kichwa, "aambiwe kwanza."

Shangazi alipokuja kumwona hakuona haya hata kidogo. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akimpapasa kaka mfuko wa shati. "Si nilisema kuna mtu? Haya, mtu mwenyewe ni kidonge."

Wifi alipopata nguvu tulikwenda wote wawili kwa bosi. Alisikiliza amesimama nyuma ya kaunta, akauliza mara mbili kama daktari amesema kweli si mvuke. Kisha akakiri kwamba kola siku hizi zinarudishwa na wateja, na kwamba aliyepewa meza ile angependa kuhamishiwa kwenye kukunja. "Kumbe jambo lenyewe ni rahisi," akasema. "Usimeze, basi. Rudi kazini."

Rahisi! Watu hupenda neno hilo wakiwa wanazungumzia mgongo wa mwingine.

Marobota yalipokuja, kaka alikataa wifi aende peke yake, nikaenda naye. Bosi akanipa kazi ya kukunja vitambaa vidogo karibu na mlango, nisikae bure. Bi Mkubwa akapita na kikaratasi chake, meza kwa meza, mpaka akafika kwa wifi. Wifi akaweka mkono kifuani.

"Sitachukua, bibi."

"Vidonge vyangu vimekukosea nini, mwanangu?"

Wifi akamweleza, mbele ya wote, yote. Bi Mkubwa alisikiliza huku kikaratasi kiko wazi kiganjani. "Lakini mimi nilikuwa nakupa kwa mkono wangu," akasema. "Mkono wangu huu."

"Hukujua, bibi. Hata mimi niliyemeza sikujua."

Bi Mkubwa akakikunja kikaratasi, akakitia ndani ya aproni. Alikuwa hajameza vyake na hakuvimeza. Akarudi mezani pake, pasi zikaanza.

Asubuhi ilikwenda. Adhuhuri wifi akaanza kuhama mguu mmoja hadi mwingine. Baadaye akawa anaegemeza nyonga kwenye meza kati ya pazia na pazia. Kisha nikamwona amesimama kabisa, macho amefumba, mkono mmoja nyuma ya kiuno. Akaisimamisha pasi wima.

"Bosi," akaita. "Naomba kiti."

Bosi akatokea mlangoni. "Kiti cha nini?"

"Cha kukalia."

"Pasi haipigwi kwa kukaa, Mama Kola. Tangu enzi za baba yangu hapa watu wanasimama."

"Tangu enzi za baba yako hapa watu wanameza," akasema wifi. Hakupandisha sauti. "Mgongo wangu unauma. Kumbe siku zote ulikuwa unauma, sema nilikuwa siusikii. Sasa nausikia, na siwezi tena kuuziba mdomo. Nikisimama mpaka jioni nitaanguka. Nikikaa nitayamaliza haya mapazia, na kola zako zote za kesho."

"Na kama sina kiti?"

"Basi nitarudi nyumbani." Alisema hivyo akijua nyumbani kuna nini, nami nilijua.

Bosi akatazama chumba kizima. "Ukikaa wewe," akasema, "wote watataka kukaa." Alilisema kama tishio. Wanawake wakatazama vitambaa vyao.

Bi Mkubwa akaisimamisha pasi yake. Akafuta mikono kwenye aproni, polepole, kila kidole. "Leta viwili, bosi," akasema. "Kimoja cha Mama Kola, kimoja changu."

Bosi alikwenda mbele, akakaa huko kidogo, na aliporudi alikuwa amebeba stuli mbili ndefu za kwenye kaunta, moja kila mkono. Akaziweka chini, akatoka.

Wifi alikaa, akaijaribu meza kwa kiwiko, akachukua pasi. Bi Mkubwa yeye alishika stuli kwanza kama anaipima, akageuka, akajishusha taratibu mpaka uzito wote ukakaa. Tulisubiri aanze. Hakuanza. Alibaki hivyo, mikono magotini, na machozi yakaanza kumshuka, naye hayafuti.

"Kumbe unauma hivi," akasema. "Jamani. Kumbe mgongo wangu unauma hivi."

Wifi yangu akanyoosha mkono, akavuta pazia lililokuwa juu ya meza ya yule bibi, akaliweka juu ya yake, akaendelea.